Chati Haijui Msuli

Natalia alirudi kutoka kliniki ya Mikumi, akasukuma kisahani cha maharage. Mwaka ulikuwa umepita tangu apasuliwe kupunguzwa mfuko wa chakula, na chati ya uzito ya kliniki bado ilimwita mnene.

"Baba, leo sili chochote."

Mzee Ditram alisonya. Mkewe alishafariki, binti yake huyu asingemwacha ajiue kwa njaa.

"Wakubwa wa kliniki wanaleta chati ya kilo na urefu, macho hawaleti! Jirani yetu Kulet, yule mfugaji, akinunua ng'ombe mnadani, anatazama nini?"

"Anamshika mgongo, ajue nyama na mafuta."

"Haya, kunja mkono."

Msuli wa kulima mpunga ukasimama, mgumu kama gogo.

"Kumbe na huu wameuita mafuta! Usipokula, utayeyuka huu kwanza. Kulet angekugombania mnadani."

"Baba, mimi ng'ombe?"

"Tena wa daraja la kwanza, mama."

Natalia akacheka, akaomba kijiko.