Mgongo wa Kitambaa

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule akavua viatu polepole. Kwa kawaida huvirusha, kimoja kikagonga ukuta. Nikajua kuna jambo.

"Wananiita Ufunguo, Bibi. Shuleni sirudi."

Hata mimi niliitwa Ufunguo, na mama yangu kabla yangu. Husimuliwa kwamba miaka mia saba iliyopita, maadui walipouzingira mji wetu, mwanamke mmoja aliwafungulia lango. Sisi ni uzao wake. Kisa hicho kimedariziwa kwenye kitambaa kikubwa katika jumba la makumbusho: kushoto yumo yeye na ufunguo mweusi, kulia shujaa, mkuu wa walinzi, upanga mkononi. Msimamizi wa makumbusho ni wa ukoo wa shujaa. Mimi ndiye mshonaji anayetunza vitambaa vyake. Dunia haiishi vituko.

Wiki hiyohiyo msimamizi akaniita.

"Bibi, Ijumaa tuna wageni. Ufunguo umefifia. Utie uzi wa dhahabu, uonekane tangu mlangoni."

"Tangu mlangoni, baba?"

"Watu huja kumwona msaliti. Usikasirike, hadithi ni hadithi."

"Nikasirike na umri huu?" nikasema.

Mkewe, anayekata tiketi, akaniletea mto wa kuegemea na chai ya vijiko viwili vya sukari. Miaka kumi na moja hajasahau hata siku moja.

Nikakilaza kitambaa kifudifudi nikafumua bitana. Mbele ya kitambaa hupambwa. Mgongoni hakuna anayejisumbua. Huko nyuzi hupandana, na ya kale ndiyo ya chini kabisa. Nikautazama mkono wa yule mama. Chini ya ufunguo palikuwa na kikombe cha uzi wa kijani: kumbe zamani walimwita mtia sumu. Chini ya kikombe, ua jekundu. Enzi hiyo aliitwa mpenzi wa adui. Na chini ya ua, kwa uzi wa kahawia uliokaribia kuwa vumbi, palikuwa na upawa. Upawa wa kupakulia, basi.

Nikahamia upande wa pili, kwenye upanga wa shujaa. Chini yake palikuwa na bakuli.

Nililia hapo, peke yangu, miwani ikaingia ukungu. Alikuwa akiwalisha walinzi. Babu wa kina msimamizi alikinga bakuli, akala, akashiba, kisha wajukuu wake wakamgeuza aliyempakulia kuwa msaliti.

Nikafumua ufunguo, kikombe na ua, nikamrudishia mama yetu upawa wake. Ningeweza kuishia hapo, ukweli ulishatosha. Lakini nilimkumbuka mama yangu akivuka barabara ili asipite mbele ya jengo lile. Nikatunga uzi wa dhahabu, nikamshonea shujaa ufunguo kiunoni. Sijawahi kushona vizuri hivyo.

Ijumaa wageni wakajaa. Mama mmoja akanyoosha kidole. "Kumbe ni huyu mwanamume aliyefungua! Tazama ufunguo wake!"

Msimamizi akanivutia pembeni, jasho likimtiririka. "Umefanya nini, Bibi?"

"Uzi wa dhahabu. Hauonekani tangu mlangoni?"

"Ni uongo huo!"

"Hadithi ni hadithi, baba."

"Utaufumua leo leo!"

"Nitaufumua, mbele ya wageni. Nitafumua na upanga pia, waone babu yako alivyokinga bakuli kwa mama yetu."

Akaenda kuwapokea wageni.

Jumatatu viatu vya mjukuu wangu viligonga ukuta, kimoja, kisha cha pili.

"Bibi! Sasa Ufunguo ni mjukuu wa msimamizi! Amelia mpaka kamasi!"

"Yule aliyekufunika kwa mwavuli wake siku ya mvua?"

"Huyo huyo."

Moyo ulinichoma. Lakini siwezi kudanganya: ulichoma upande mmoja, upande wa pili ulikuwa unacheza ngoma.

Kesho yake mke wa msimamizi alinijia chumba cha kushonea. Aliweka mto mgongoni pangu, kama siku zote.

"Mjukuu wetu amekukosea nini, Bibi?"

"Hakuna. Wangu naye hakumkosea mtu, mwanangu. Sisi tumeubeba mzigo huu miaka mia saba. Ubebeni kidogo."

Akaweka chai mezani, akatoka. Nikaionja. Hakutia sukari hata chembe.

Nikainywa yote.