Bano Lililoachwa Wazi

Wauguzi walimwita Bi Hesabu, kwa kuwa kila akimaliza kupiga deki wodi aligeuza ndoo, akaikalia, akaanza kubonyeza kikokotoo. Alitaka kuingia chuo cha mafundi wa maabara. Chuo hicho hakipokei mtu aliyevuka miaka thelathini na tano, hivyo mtihani wa mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake.

Aliyemfundisha ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa shule ya jirani. Kilichomtoa jasho ni logi za besi tofauti. Swali linauliza kijidudu kimoja, kikijigawa kuwa viwili kila kizazi, kitafika hamsini baada ya vizazi vingapi. Hiyo ni logi ya hamsini kwa besi ya mbili, na kitufe chake hakipo. Kilichopo ni cha besi ya kumi.

"Si wangekiweka tu, shemeji?"

"Wakiweka vya besi zote utakibeba kwa mkokoteni. Wewe chukua logi ya hamsini, gawanya kwa logi ya mbili. Kwisha habari."

Kikokotoo cha nyumbani kilikuwa cha zamani: unaandika namba kwanza, ndipo unabonyeza logi. Vidole vyake vilizoea hivyo mpaka akawa haviangalii.

Asubuhi ya mtihani kioo cha kikokotoo kilikuwa kitupu. Akakipigapiga kiganjani, akakianika juani, wapi. Msimamizi akamhurumia, akamwazima chake, kipya. Alipoandika hamsini kisha logi na kugawanya, kikaonyesha kosa. Akajaribu kuanza na logi: kikafungua bano chenyewe, kikasubiri. Alifurahi kukielewa bila kumsumbua mtu. Akaandika hamsini, akagawanya, logi, mbili, kisha alama ya sawasawa. Mbili nukta mbili mbili. Akajaza kisanduku, akaendelea. Karatasi ilitaka majibu tu, bila njia. Sehemu nzima ya pili ilikuwa ya logi, na aliyeanguka sehemu moja alihesabiwa ameanguka mtihani.

Jioni shemeji aliingia bila kubisha hodi.

"Ehe, msomi wetu! Tukushonee koti jeupe?"

"Usinicheke bwana. Ulikuwa mwepesi."

"Ile ya hamsini umepata ngapi?"

"Mbili nukta mbili mbili."

Tabasamu likamfifia shemeji taratibu. "Shemeji, kijidudu kimoja kikijigawa mara tano unapata thelathini na mbili. Mara sita, sitini na nne. Hamsini iko katikati. Jibu lazima lizidi tano."

Bi Hesabu alilijua hilo. Alifundishwa kukisia kabla ya kubonyeza, lakini mashine mpya haikulalamika, naye akaiamini.

Shemeji akampa simu yake, yenye kikokotoo cha namna ile. "Bonyeza kama ulivyobonyeza kule."

Akabonyeza. Wote wawili wakaliona bano lililofunguka kabla ya hamsini bila kufungwa. Lilikuwa limemeza kugawanya na kila kilichofuata, mashine ikatafuta logi ya mzigo wote. Shemeji akarudi nyuma, akafunga bano baada ya hamsini. Tano nukta sita nne.

"Zote umefanya hivi?"

"Zote."

"Labda wakiangalia njia..." Akakumbuka hapakuwa na njia. "Basi mwakani..." Hapo pia akakumbuka umri wake.

Mlangoni mumewe alikuwa akivua viatu huku akipaza sauti: "Bi Maabara yuko wapi?"

"Nimwambie mimi?" shemeji akanong'ona.

"Mwache ale kwanza."

Akaanua sare yake ya usafi, ambayo pindo lake lilikuwa bado bichi, akaitandika mezani na kuanza kuipiga pasi.

"Hiyo ukienda chuo utamrithisha nani?" mumewe aliuliza, akicheka.

Alimaliza kola, akageuza mkono wa kulia. Kesho alikuwa na zamu ya asubuhi.