Wastani wa Klorini

"Michoro yako ya rangirangi haitatuzuia kufungua bomba," Injinia Silvanus aliniambia mbele ya kamati nzima ya maji, akaifunga kompyuta yangu kwa kidole kimoja.

Tulikuwa Kasigau, kando ya bomba jipya la zahanati. Lilikuwa lifunguliwe rasmi kesho yake, na fomu ya usalama ilingoja sahihi yangu, mimi mkaguzi wa maji. Sikuitia. Nilikuwa nimeiga kwa kompyuta jinsi klorini, dawa ya kuua vijidudu, inavyofyatuka kutoka kwenye pua ya mashine ya kutia dawa na kuingia ndani ya maji yanayokimbia. Haichanganyiki papo hapo. Inapasuka vipandevipande, kama maziwa kwenye chai ambayo haijakorogwa. Bomba lenyewe liko hatua sita tu kutoka kwenye pua hiyo. Anayekinga kikombe sasa anapata dawa. Anayemfuata anapata maji matupu.

"Wastani je?" Silvanus aliuliza.

"Wastani ni sawa."

"Basi!"

"Mgonjwa hanywi wastani, Injinia."

"Oneni! Diploma ya juzi inanifundisha maji."

Wakacheka. Morris, katibu wa kamati, akaleta beseni. Huko kila mwanakamati hukinga kikombe kwa niaba ya kijiji chake na kukimimina katika beseni moja, ili kijiji chochote kisije kulalamika kwamba kimepunjwa. Silvanus akachota glasi kutoka humo, akatia kidonge cha kupimia. Maji yakawa ya pinki: klorini imo. Wakapiga makofi.

"Mmekoroga wenyewe!" nilifoka. "Msimimine. Kila mtu ashike kikombe chake."

"Khairat, usitupotezee wakati," Silvanus alisema.

"Fanyeni anavyosema," alisema Mable, mwenyekiti. Mwaka juzi kipindupindu kilimuua mumewe, na alipozungumza habari za maji hakuna aliyemkatiza.

Wakapanga foleni, vikombe kumi vyeupe vya zahanati, kidonge kimoja kwa kila kikombe. Cha kwanza pinki. Cha pili kikakolea zaidi. Cha tatu hakikubadilika hata kidogo, wala cha nne. Mpaka mwisho, saba vilikuwa na rangi na vitatu havikuwa nayo. Kimojawapo kilikuwa mkononi mwa Mable.

"Hivi vidonge vimeharibika," Silvanus alisema.

"Si ni vyako? Mbona kwenye beseni havikuharibika?" Mable alimwaga maji yake karibu na viatu vya injinia. "Hakuna kufungua kesho. Hamisha hiyo pua yako ukaiweke kule juu kwenye tangi, maji yapate safari ya kuchanganyika."

Nikatabasamu. Akaniona.

"Wewe unachekelea nini? Ulijua lini?"

"Wiki iliyopita. Nilimwandikia Injinia barua pepe mara tatu."

"Na mimi uliniandikia?"

Nikainamia begi langu.

"Mafundi wameachia maji ya majaribio hapa tangu Jumanne. Wajukuu wangu wanayanywa. Wewe unapita hapa kila siku na begi lako, unawaona, unawapungia mkono!"

"Mama, taratibu za kazi haziniruhusu..."

"Usiniite Mama. Huyu amekosa kwa ubishi. Wewe ulijua, ukanyamaza."

Silvanus alikuwa akitazama chini. Hata yeye hakunicheka.

Mable akanyoosha mkono kuelekea nyumba zilizo chini ya mlima.

"Nyumba kumi na saba zinachota hapa. Nenda kawaambie wachemshe maji. Na kila mlango utakaobisha, uwaambie pia ulijua lini. Anza na wangu."