Sindano za Doonside

Kyakimwa alikuwa akifungasha kazi yake mwenyewe ili ichukuliwe na wengine. Mlango wa friza ulikuwa wazi, moshi wa barafu kavu ukimzunguka miguuni, na vidole vilimuuma kwa baridi hata ndani ya glavu mbili. Kila kichupa cha sampuli alikijua. Hiki cha mtoto wa Bigirimana, hivi vya mapacha wa Armelle, hiki cha Ineza. Mwanamume aliyetumwa na kampuni alisimama karibu na kabati la kemikali, akichezea simu, akisubiri boksi lijae.

Habari zenyewe alizipata Ijumaa, kwenye korido ya maabara hiyo ya Parramatta. Profesa Whitlock alimweleza kwamba kampuni ya Marekani imeununua ugunduzi. Dawa itajaribiwa huko huko, kwa watoto wenye bima ya kulipia. Mkataba wake Kyakimwa hautaongezwa. Aliyasema hayo akitabasamu, maana Whitlock alikuwa mtu wa tabasamu, hasa siku anapomchinjia mtu baharini.

"Na watoto wa Doonside? Ulisema watakuwa wa kwanza kupewa."

"Sikumbuki kuandika popote jambo kama hilo," Whitlock alijibu kwa upole.

Ni kweli hakuandika. Aliyasema kanisani huko Doonside, mbele ya Warundi na Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi na watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa chembe za damu kujikunja, na Kyakimwa ndiye aliyemtafsiria. Alieleza kwa Kiswahili kwamba mtoto akiwa tumboni ana damu isiyojikunja, kwamba akishazaliwa mwili huizima ile damu, na kwamba kuna kipande kifupi cha RNA, ule ujumbe unaobeba amri za jeni, kinachoweza kuiamsha tena. Kipande hicho alikigundua Kyakimwa mwenyewe. Kisha akatafsiri ahadi. Kanisa zima likaitikia amina, pasta akaifunga kwa maombi, na hapo nani angeomba karatasi? Kumdai mgeni saini mbele ya madhabahu ingekuwa kumtukana. Kwa hiyo wazazi waliisikia ahadi ile kwa sauti ya Kyakimwa, na kwa ajili ya sauti hiyo wakawaleta watoto, Kyakimwa mwenyewe akawatoa damu.

Sasa, mbele ya friza, hasira ilimpanda. RNA iliyokuwa vichupani ni kitu dhaifu mno, jasho la kidole kimoja linatosha kuisaga. Alivua glavu za mkono wa kulia, akafungua kizibo cha kwanza. Yule mwanamume hakuinua macho. Angepapasa ndani ya vizibo vyote kwa mkono mtupu, na kampuni ingefika kwao na maji matupu.

Halafu akafikiri watakachofanya wakikuta vimeharibika. Watarudi kwa watoto.

Akavaa glavu mpya, akafunga kizibo, akapanga vichupa vyote kwa uangalifu wa kila siku. Alilia kidogo, na machozi aliyafutia begani ili yasidondokee kazi.

Jumapili alipanda treni kwenda Doonside kuwaambia ukweli. Njiani alikuwa ameshapanga maneno ya kuanzia. Alipofika, nje ya ukumbi wa kanisa kulikuwa na gari jeupe, meza, nesi, na foleni ya akina mama na watoto. Mbele kabisa alikaa Spéciose, amempakata binti yake Ineza.

"Dokta, tumeanza bila wewe," Spéciose alisema.

"Nani amewaita?"

"Prof wako alimpigia pasteur. Eti company wanataka damu ingine, ile ya zamani haitoshi. Kuna wenye walisita. Mimi nikawaambia ni kazi ya mdogo wangu Kyakimwa, alitusemea mbele ya Mungu."

Kyakimwa aliinama hadi usawa wa uso wake. "Mama Ineza, mtoe mtoto hapo. Ile trial haiji huku. Wameiuza."

Spéciose hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Kyakimwa kuliko tusi.

"Prof alisema utakuja na maneno hayo. Alisema contract yako imeisha, una uchungu. Pole, mdogo wangu. Lakini usiwafungie watoto mlango kwa sababu wewe umefungiwa."

Kyakimwa aligeukia foleni. Wanawake aliowazoea walikuwa wakitazama chini, na mmoja wao alikuwa tayari akimkunjia mwanawe mkono wa shati.

Nesi alimchoma Ineza, akaukosa mshipa. Akachoma tena, akakosa. Mtoto aliuma midomo. "I'm okay, Auntie," alimwambia Kyakimwa, na sauti ikamkatika.

Mara ya tatu alilia. Spéciose alimbana kifuani, akainua uso. "Dokta, mishipa yake unaijua wewe. Hata kama una hasira na Prof, usimwache mtoto ateseke."

Nesi, jasho likimtoka, alisogea pembeni na kuacha kiti wazi. Ineza alifuta pua, akaulaza mkono wake mezani, mahali penye mshipa pakielekea juu, akamngoja Kyakimwa aketi.