Begi la Kinyozi

Begi la mumewe lilikuwa zito kuliko alivyoliacha. Mama Pacha alikuwa na uhakika, maana alilipanga mwenyewe jana yake, suruali chini, mashati katikati, soksi ndani ya viatu, na alipomaliza alilibeba kwa mkono mmoja hadi ukutani. Leo alilivuta ili afagie chini yake, likagoma kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Na Mwalimu hakuwa na mzaha na uzito. Mkuu wa shule huyo mstaafu, tangu kikundi chao cha mtaani kimchague kuongoza ziara ya ng'ambo, alikuwa akitembea na mizani ya kupimia mabegi shingoni kama walimu wenzake wanavyotembea na kipenga. Kila asubuhi aliwaamsha kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu: "Begi moja kwa kila mtu! Likizidi, unapunguza mbele ya wenzako, hata kama ni nguo za ndani! Na tukumbushane: tunaondoka vichwa ishirini, tunarudi vichwa ishirini. Jina langu ndilo lililoko ubalozini. Atakayenipotelea huko, ajue amewafungia wenzake mlango."

Basi Mama Pacha akafungua begi alipunguze mwenyewe, mumewe asije akaaibishwa mbele za watu. Chini ya mashati akakuta taulo la zamani limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani yake mlikuwa na mashine mbili za kunyolea, mkasi, brashi ya kupangusia shingo, kitambaa cheupe cha kumfunika mteja, na chini kabisa kioo kidogo chenye mpini, kile ambacho kinyozi humwonyeshea mteja kisogo chake akishamaliza.

Mashine zingeweza kupatiwa sababu. Mwanamume ana ndevu, atajichonga. Lakini kioo cha kisogo? Mtu anayekwenda kuangalia makumbusho na kupiga picha na masanamu, anakwenda kumwonyesha nani kisogo chake? Mama Pacha akakaa kitandani. Mumewe hakuwa anakwenda kutembea. Alikuwa anahama.

Pacha wao walishakua wakahama nyumbani, nao walikuwa waende wote wawili. Viza ya mume ikatoka, yake ikakataliwa bila maelezo, na ni yeye mwenyewe aliyesema, "Nenda, Baba Pacha, utanisimulia." Alisema kwa moyo mweupe, na ukitaka kujua moyo mweupe unavyomponza mtu, mwulize yeye. Tangu siku hiyo mumewe akawa mtu wa kutoka nje kupokea simu. Aliyepiga ni yule rafiki yake wa zamani, waliyejifunza naye kunyoa kwenye kiti kimoja, na ambaye sasa ana saluni yake huko huko msafara unakokwenda. Mama Pacha alidhani wanapanga kuonana wanywe chai. Kumbe wanapanga ajira. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kati ya mashati aliyoyapiga pasi kwa mkono wake.

Akashika simu ampigie Mwalimu. Neno moja tu lingetosha, jina la Baba Pacha lingefutwa kabla gari halijaanza kukusanya watu. Kidole kikasita. Halafu iweje? Mume wa kufungiwa ndani ni mgeni tu anayesubiri mvua ikatike. Akaweka simu chini, akalifunga taulo kama alivyolikuta, akavuta zipu. Alitaka kwanza aone kama mumewe atasema mwenyewe. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na hofu.

Baba Pacha akatoka kuoga akipiga mluzi, naye hana kawaida ya kupiga mluzi.

"Begi tayari?"

"Begi tayari. Bado wewe."

"Mimi nina nini?"

"Kichwa. Utapanda ndege na msitu huo?"

Mluzi ukakatika.

Kinyozi hajinyoi. Kwa watu wengine ni msemo, katika nyumba ile ilikuwa historia. Alipokuwa kijana alijaribu kujinyoa, wembe ukamwachia kovu nyuma ya sikio na wateja wakamcheka msimu mzima. Alipooa, kitu cha kwanza alichomfundisha mkewe ni kushika mashine, na tangu hapo hakuna mkono mwingine uliogusa kichwa chake. Yeye ananyoa mtaa, mkewe anamnyoa yeye. Na katika mipango yake yote ya siri, mjinga yule alisahau kwamba ana kichwa.

"Si lazima," akasema. "Muda wenyewe hautoshi."

"Muda upo. Lete mashine."

"Ziko dukani."

"Duka nimelifunga mimi jana jioni. Droo tupu."

Baba Pacha akajikuna shingo. "Ahaa, nimekumbuka. Nimemwazima fundi viatu."

"Fundi viatu ana upara, Baba Pacha."

Mama Pacha akatoa kiti uani, nyuma ya mlango wa jiko, na stuli kando yake. "Kaa," akasema, na mume akakaa kama mteja mgeni asiyejua bei. Akaingia ndani, akarudi na lile taulo, akalifungua mbele ya macho yake, akapanga vifaa juu ya stuli kimoja kimoja. Kioo alikiweka mwisho.

"Mama Pacha..."

"Usitikise kichwa."

Akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Akaanzia upande wa kulia, juu ya sikio lenye kovu, nywele zikawa zinadondoka kwenye kitambaa cheupe.

"Ulipanga kuniambia lini?"

"Nikifika."

"Kwa simu?"

"Ningekuita. Ningetafuta njia nikuite na wewe."

"Mlangoni wamenikatalia, utaniingizia dirishani?"

Baba Pacha akakung'uta nywele kwenye kitambaa. "Nimechoka, mke wangu. Kiti kile kile, vichwa vile vile, tangu ujana wangu. Nikaona nafasi ni hii, ikipita imepita. Nikaogopa nikikwambia utasema nisiende."

"Ungeniambia, tungeogopa wawili."

Mama Pacha alimhurumia. Alichukia kumhurumia, lakini alimhurumia. Mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka yote, hata akikukosea unajua ni wapi panapomuuma.

Honi ikalia barabarani. Kisha sauti ya Mwalimu ikapasua ukuta: "Kinyozi! Tunakusubiri wewe tu!"

Mama Pacha akazima mashine.

"Malizia," mume akasema.

"Hapana."

Akachukua kioo akamsogezea usoni. Upande wa kulia ulikuwa unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Upande wa kushoto msitu ulikuwa umesimama vile vile.

"Utaniachaje hivi? Naenda na watu, naenda nchi za watu!"

"Sikuzuii. Lango lile pale, gari lile kule. Rafiki yako ni kinyozi, ukitaka atakumalizia siku hiyo hiyo utakayofika. Usipotaka, nitakumalizia mimi."

Honi ikalia tena. Baba Pacha akajitazama kwenye kioo, kwa muda mrefu kuliko mteja yeyote aliyewahi kumshikia kioo hicho. Kisha akavua kitambaa, akachukua kofia msumarini, akaingia ndani. Mama Pacha hakugeuka, kwa sababu alijijua: akigeuka ataanguka miguuni pake amwombe. Akasikia zipu. Akasikia magurudumu ya begi yakivuka sakafu, mlango, changarawe za nje. "Begi jepesi, hongera!" Mwalimu akatangaza langoni. "Wengine jifunzeni kwa Kinyozi!" Gari likaondoka.

Vifaa vilibaki juu ya stuli. Hilo halikumpa usingizi, maana mashine zinauzwa popote, na saluni ya rafiki haikosi kioo.

Mume alituma ujumbe mmoja tu: "Tumefika salama." Mama Pacha akajibu, "Tunashukuru," na baada ya hapo kila mmoja akamnyamazia mwenzake. Alifungua duka, akanyoa watoto wa shule, akawaambia wakubwa kwamba mwenye kiti yuko safari. Mwalimu alikuwa akituma picha kwenye kundi: msafara mbele ya sanamu, msafara juu ya daraja, msafara ukila. Katika kila picha Baba Pacha alikuwa nyuma kabisa, kofia imevutwa mpaka masikioni. Mama Pacha alikuwa akizikuza picha hizo mpaka uso wa mumewe ukawa vidoadoa, lakini chini ya kofia hapaonekani. Jirani mmoja akamtania, "Mumeo kapenda kofia huko!" Akacheka naye, kisha akaingia chooni akalia.

Siku moja kabla ya msafara kurudi, Mama Pacha akiwa anampangusa mzee mmoja shingo, simu ikatoa mlio wa ujumbe. Mwalimu alikuwa amewapanga wote kwenye ngazi za hoteli kwa ajili ya kuwahesabu, na mara hii akawaamuru wavue kofia na miwani. Chini ya picha akaandika: "Vichwa ishirini kamili, ingawa kimoja sijui nikiandike nusu."

Baba Pacha alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi, uso umejaa haya kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimeanza kuchipua. Upande wa kushoto ulikuwa vile vile alivyouacha, umezidi tu kuwa msitu.

Mama Pacha akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na mzee wa watu akainuka kitini na kitambaa shingoni akauliza nani amefariki.

"Hakuna, baba. Kaa nikumalize."

Akafuta macho kwa kiganja. Kisha akainama, akachomeka ile mashine nyingine kwenye umeme, ipate chaji ya kutosha mpaka kesho.