Kurasa za Kufungia Ubuyu

Ilikuwa siku ya sitini na nane ya eda, na Zuleha alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulikuwa umemchosha. Amechoka kukaa, amechoka kuvaa nyeupe, amechoka na wageni wanaokuja kumpa pole kisha wakaishia kumhadithia misiba yao wenyewe, tena kwa kirefu, na chai wanakunywa. Juu ya yote hayo kulikuwa na fomu ya chuo.

Fomu yenyewe ukurasa mmoja tu: jina la mwanafunzi, jina la riwaya atakayoihakiki, sababu za kuichagua, na muhtasari wa hoja. Mwisho wa kuipokea ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Akikosa, asubiri mwaka mzima. Na Zuleha alijijua. Mwanamke wa miaka arobaini na nne, mwalimu wa darasa la tatu hapo Nguvumali, aliyefiwa na mume, akiambiwa asubiri mwaka mzima hasubiri chochote, huyo kaacha. Shahada hii mumewe Suleimani ndiye aliyemsukuma aianze, akamnunulia na meza ya kusomea, na sasa imebaki karatasi hii ya uhakiki na mtihani mmoja. Hakutaka kuiacha. Hamu ya kuimaliza ndiyo aliyokuwa hana.

Maktaba haiendeki. Mwenye eda hatoki kwenda kupekua rafu za vitabu, na hata angejitia hamnazo akatoka, mtaa mzima una macho. Basi wifi yake, Samira, ndiye aliyezunguka mjini kumtafutia riwaya, akarudi na tatu ndani ya mfuko wa sokoni. Ya kwanza ilikuwa nene kama tofali. Ya pili imeshahakikiwa na kila aliyewahi kupita chuoni. Ya tatu, mume anakufa ukurasa wa nne. Zuleha aliifunga hapohapo.

"Wifi, hata nyuma ya jalada hukusoma?"

"Mie nilitazama wembamba," Samira alisema.

Ndipo Zuleha alipofungua sanduku la Suleimani, akatoa kile walichokiita siku zote kitabu cha Mwanamkasi. Hicho hahitaji kukisoma upya, na hilo pekee lilitosha kukichagua. Ni habari za huyo Mwanamkasi, mama mmoja wa Mkwaja ambaye mwanawe, Hilal, alikwenda Pemba kuchuma karafuu, asirudi, asilete salamu. Miaka inapita, na mama kila akipakua chakula hupakua sahani mbili. Kitabu kilikuwa kizima isipokuwa kurasa kumi na mbili za mwisho. Hizo, Zuleha alijua zilikokwenda. Mama mkwe wake, Bi Asmahani, zamani alikuwa akiuza ubuyu na kashata mlangoni, na karatasi yoyote iliyomkaa mkononi aliisokota ikawa pakiti. Alisoma herufi za Kiarabu tu, hizi nyingine kwake zilikuwa karatasi tupu. Zuleha alimnunia mwezi mzima kwa ajili ya kurasa zile, na hata baada ya miaka kumi na tisa alikuwa bado akimchoma kwa utani kila kitabu kikitajwa.

Mwisho wenyewe, hata hivyo, haukumpotea. Suleimani alikuwa ameshausoma, na alimsimulia. Hilal anarudi asubuhi moja, anamkuta mama yake uani anakuna nazi. Hasalimu, hasemi neno. Anamwinua mama kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anakaa yeye, anaendelea kukuna. Suleimani aliusimulia mwisho ule mara nyingi sana, na kila mara Zuleha alilia kwa furaha. Juu yake ndipo alipoijenga hoja yake yote, akaandika kwa mkono mzito siku mbili, akatuma.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mhadhiri wake akapiga simu.

"Mwalimu Zuleha, pole na eda."

"Nimeshapoa, Dakta Benedikta. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesoma pendekezo lako, limeandikwa vizuri. Ila huo mwisho umeutoa wapi?"

"Kitabuni, Dakta."

"Kitabu ninacho hapa mezani. Hilal harudi. Linaloletwa ni begi lake la nguo. Nakutumia picha za kurasa za mwisho. Zisome, urekebishe hoja, au chagua riwaya nyingine. Saa kumi siwezi kuisogeza, ndugu yangu."

Picha zikaingia, kumi na mbili, Zuleha asizifungue. Alitoka uani. Bi Asmahani alikuwa kwenye kigoda, anachambua mchele. Ajuza huyu tangu msiba alikuwa hasemi sana. Akipakua chakula alipakua sahani moja zaidi, akaitazama, akakimimina chakula sufuriani tena, na hakuna aliyethubutu kumgusia.

"Mama, zile kurasa ulizofungia ubuyu, ulizichana mwenyewe?"

Bi Asmahani aliendelea kuchambua. "Leo tena? Kwani n'shasamehewa au bado?"

"Nakuuliza kweli, mama."

Ungo ukatulia mapajani. "Mie sikuchana. Suleimani ndiye alonipa, zishachanwa. Kanambia, mama, fungia ubuyu, ziishe leo leo, na Zule akiuliza sema ni wewe."

"Na wewe ukakubali?"

"N'fanyeje, mwanangu? We ndo kwanza watoka hospitali mikono mitupu, mtoto kazikwa hata hujamshika. Ulikuwa huli, wasoma kile kitabu tu, usiku na mchana. Kanambia mwisho wake si wa kusomwa na mtu wa hali yako. Mie n'kaona, kununiwa sifi."

Miaka kumi na tisa! Zuleha alirudi chumbani akakaa kitandani. Alimkasirikia Suleimani kweli, kwa hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo alipokuwa hai, kwa sababu sasa hayupo wa kuulizwa. "Mwongo wee," alimwambia, mbele ya ile meza aliyomnunulia. Kisha akalia, na aliyekuwa akimlilia hasa ni yule mtu aliyekaa akamtungia mkewe mwisho mwingine, akaukariri kila alipoombwa, asikosee hata mara moja.

Baada ya swala ya adhuhuri akazifungua picha. Alizisoma moja moja, polepole. Begi linaletwa. Mwanamkasi anafua kila nguo iliyokuwemo, anaanika, anakunja. Jioni anapakua sahani moja. Basi, kitabu kimeisha.

Haukuwa mwisho wa kumuua mtu. Ila angeusoma mwaka ule, labda ungemuua, na hilo Suleimani alilijua.

Akaivuta fomu. Riwaya akaiacha ileile. Hoja yote akaifuta, akaandika nyingine: kwamba mwandishi huyu hakumwonea mama wa watu, alimwambia ukweli, na kwamba si kila msomaji anaweza kuambiwa siku hiyohiyo. Haikuwa lugha ya kitaaluma. Alikuwa amechoka mno kuitafuta lugha ya kitaaluma. Saa tisa na dakika arobaini akaituma.

Jibu la Dakta likaja kabla ya saa kumi. "Imepokelewa. Endelea."

Alipotoka uani tena, mchele ulikuwa tayari jikoni na Bi Asmahani amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi ya jioni. Nazi aliyokuna ilikuwa ikimwagikia nje ya sinia.

"Zule," alisema bila kuinua uso. "Zile karatasi, hata sikuwahi kujua zasema nini. Yule kijana alokwenda Pemba, alirudi kwa mamake?"

Zuleha alimtazama mama huyu, aliyemzika mwanawe siku sabini na tatu zilizopita.

"Alirudi, mama."

"Alirudi!"

"Asubuhi moja. Akamkuta mamake yuko uani, anakuna nazi."

"Akamwambiaje?"

"Hakusema neno." Zuleha akamshika mkono akamwinua. "Ondoka hapo, mama, nikune mie."