Uchovu wa Mathe Ulirudi Peke Yake

Siku ambayo Mathe alikwenda shamba la kakao upande wa Mutwanga na asirudi, uchovu wake ulirudi peke yake. Uliingia jioni, ukaketi upande wake wa kitanda, mbao zikalia. Kavuo, mkewe, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alikwenda kuusogezea mto, akarudi kwenye kinu.

Majirani wa shambani walisema wenye bunduki walikuwa wamepita, wakaingia na watu porini. Nyumba ya Kavuo, mtaani Beu, ikajaa ndugu, na mama mkwe, Kavira, akaloweka maharagwe ya matanga.

"Mutoto wangu, tumulilie tu, tupumuzike."

"Mama, tutamulilia namna gani? Anakoroma kule chumbani."

Kavira alitega sikio. "Ni yeye, kweli. Lakini baba yake alikoroma hata kisha kumuzika. Ile haiko kitu."

Ikabidi waulize mjuzi. Kavuo aliufunga uchovu mgongoni kwa kitenge, akapanda pikipiki ya kwenda Butembo. Gurudumu la nyuma likabonyea.

"Mama, huyu mutoto munamulishaka mawe?" dereva aliuliza.

Mjuzi mwenyewe, Élysée, aliuza vitenge. Katika safari zake za kufuata mali Guangzhou alikuwa amejifunza uganga wa Wachina, na wagonjwa aliwapima nyuma ya marobota. Alitazama ulimi wa Kavuo, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wake.

"Wewe, uchovu yako ni ya damu. Ulimi mweupe, usingizi kidogo. Kula maini."

Kisha akaupima ule wa mgongoni, polepole, kama anayechagua kitambaa.

"Wachina banachambuaka uchovu sawa sisi na maharagwe. Kuko ya hasira yenye kukwama kwenye ini. Ile, ukitembea, inapunguka. Kuko ya pumzi: sauti inaisha, jasho inatoka bure. Kuko ya unyevu: mwili muzito sawa nguo yenye haikauke. Huyu iko na pumzi na unyevu pamoja. Anabeba mizigo ya batu, analala kwenye mvua."

"Ni ya zamani?"

"Ya leo asubuhi. Mufu hachokake, mama."

Kavuo alicheka hadi wateja wakachungulia.

Kabla ya kurudi alipita bureau, ofisi ya afisa mmoja wa serikali aliyetumwa kutoka mkoa wa mbali, kuomba Mathe atafutwe. Afisa aliupa uchovu kiti, akajaribu kuunyanyua, akashindwa. "Ni kweli, mama, anaishi. Mais, lakini, pori ni kubwa." Hakuna aliyekwenda porini.

Nyumbani, maharagwe ya matanga yalikuwa yameanza kuchipua. Kavira aliyapika kwa mawese, ndugu wakala vizuri, wakaenda zao.

"Sasa huyu mukoromaji ataniacha nilale lini?" Kavira aliuliza akikomba sufuria.

Sasa Kavuo hupika chakula cha watu wawili, chenye tangawizi nyingi ya kukausha unyevu. Kila asubuhi huufuta uchovu tope na kuukanda, hadi ikifika mchana anaweza kuubeba kwa mkono mmoja. Jioni unakuwa na tope jipya, na uzito ule ule.